Kengele na Misumari



Jioni moja ya Kwaresima halmashauri ya mtaa wetu ilikutana kuzungumza habari za bati za kanisa, maana zinavuja. Tulianza saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili kengele ya Sala za Jioni ikalia, na sote tuliisikia. Mmoja wetu akasema, "Tumalize kwanza hili la misumari." Tukaendelea. Padre alikuwa safarini siku ile. Katekista akasali na mabibi wazee wawili na mtoto mmoja, hatua thelathini tu kutoka mezani petu. Baadaye kidogo adhana ikasikika, na fundi seremala tuliyemwita atupe hesabu ya mbao, ambaye ni Mwislamu, akatuomba radhi akaenda msikitini. Aliporudi aliendelea na hesabu pale pale alipoachia.

Hatusimulii haya ili tujipige vifua mbele ya jirani zetu. Twauliza tu, yule fundi alikuwa na nini ambacho sisi hatukuwa nacho? Muda hakuwa nao, kwa kuwa kazi nyingine ilimngoja mjini. Ila yeye neno lake lilikwisha kuamuliwa zamani, nasi tulikuwa tukiamua upya kila kengele ilipolia. Na mtu anayeamua upya kila siku, kazi humshinda kila siku.

Tena kazi yetu haikuwa mbaya, na hapo ndipo penye hatari. Shetani hana haja ya kumpeleka mzee wa kanisa kilabuni. Yatosha ampe kamati ya tatu.

Wako wasemao, "Kazi yangu ndiyo sala yangu." Neno hili lina ukweli, wala hatulidharau. Lakini tumfikiri mume aletaye unga nyumbani kila siku, asiyesema na mkewe hata neno moja. Hakika anamtunza. Je, anamjua?

Askofu Frank Weston, aliyefariki Hegongo mwaka 1924, alianzisha huko Unguja mwaka 1911 shirika la masista wa Mateso Matakatifu. Masista wale walifundisha na kuuguza watu huku kwetu Tanga, na wazee wetu wengi walipita mikononi mwao. Walikuwa watawa, na siku yao ilikatwa kwa saa za sala. Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa wagonjwa wamepanga foleni, si heri sista abaki nao kuliko kwenda kupiga magoti? Swali hili si la mchezo. Hata Bwana wetu, katika sura ya kwanza ya Marko, aliponya wengi jioni, na alfajiri akaondoka kwenda kusali peke yake. Simoni akamfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Naye hakurudi kwao. Akaenda vijiji vingine. Bila shaka walibaki watu waliomngoja.

Sisi twaona hivi: mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hangoji, na aliyeitwa kumsaidia na aiache sala, aende bila hofu. Lakini misumari yangoja. Tukiyapima mambo yanayotutoa kanisani, mengi ni ya namna ya misumari.

Tusimtwishe mzigo, hata hivyo, yule mama auzaye mboga soko la Ngamiani, aamkaye saa kumi usiku na kurudi kumwogesha mama yake mgonjwa. Tukimwambia tu, "Tafuta nafasi," tumemwonea. Nafasi yake iko mikononi mwa watu wa nyumba yake. Baba asomaye Zaburi kwa utulivu barazani huku mkewe akihangaika na ndoo na kuni, anasali kwa wakati wa mtu mwingine. Heri abebe ndoo mbili, kisha wakae pamoja robo saa. Katika mahubiri yetu juu ya sala hatujasikia mara nyingi habari za ndoo, nasi twadhani zastahili kutajwa.

Na robo saa yatosha kuanzia, iwe na mahali pake katika siku. Mvuvi wa Sahare hangoji mpaka apate nafasi. Maji yakifika saa yake huenda, ahisi kupenda au asihisi. Kwa mwingine itakuwa kabla ya kuwasha moto, kwa mwingine ndani ya daladala, simu ikiwa imezimwa.

Halmashauri itakutana tena juma lijalo, safari hii saa nane, na kengele ikilia karatasi zitabaki mezani. Akina mama wa sokoni wameomba Sala za Jioni za Jumatano zisogezwe mbele nusu saa ili nao wawahi. Padre amekubali. Watoto wadogo waje nao. Vijana wawili wamejitolea kuwaangalia nje ya kanisa.