Tumbawe: Jiwe, Mti au Mnyama?

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa miili ya viumbe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashika ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Hata yale maandishi ya mwaka 500 wa Hijra (1107) katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani yamechongwa katika tumbawe. Nasi husema “jiwe” tukapita. Je, jina hilo tulilolipa ni la haki? Na likiwa la haki au si la haki, linatuondolea wajibu gani?

Maulamaa wa zamani walivigawa vitu vya duniani mafungu matatu: jamadi, yaani mawe na madini, kisha mimea, kisha wanyama. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliongeza jambo la maana. Alieleza kuwa mafungu haya hayakutengwa kwa ukuta. Mwisho wa madini umepakana na mwanzo wa mimea, na mwisho wa mimea, kama mtende na mzabibu, umepakana na mwanzo wa wanyama, kama konokono na chaza, ambao hawana hisia ila ya kugusa. Linnaeus wa Uswidi alipochapisha himaya zake za viumbe mwaka 1735, zilikuwa ni hizo hizo tatu.

Tumbawe liliwatatiza watu wengi. Ni gumu kama jiwe, na lina matawi kama mti. Katika miaka ya 1720 tabibu mmoja wa Marseille, jina lake Peyssonnel, aliichunguza marijani nyekundu, ile ivaliwayo shingoni, ingali hai ndani ya maji ya bahari. Akaona kuwa yaliyodhaniwa maua yake ni wanyama wadogo. Wakubwa wa elimu wa Paris hawakumkubali, na aliyewasomea habari yake alilificha jina lake. Leo jambo hilo halina shaka. Tumbawe ni mji wa wanyama wadogo mno, kila mmoja na mdomo uliozungukwa na minyiri, na jiwe ni nyumba wanayojijengea. Tena ndani ya miili yao huishi wageni wa seli moja, wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yaliwatoa wageni hao, yakawa meupe, na mengi yakafa.

Lugha yetu nayo ina ugawaji wake, tunauita ngeli. Kiboko ana ki- kama kiti, lakini hatusemi kiboko kimekufa. Twasema kiboko amekufa. Herufi ya mwanzo humhadaa mgeni, na ukweli hujitokeza pale neno linapoafikiana na kitendo chake. Wataalamu wa viumbe wamepita njia kama hiyo. Mwanzo walitazama umbo la nje, na uyoga ukawekwa pamoja na mimea kwa kuwa umesimama ardhini wala hautembei. Whittaker wa Marekani, mwaka 1969, alipanga himaya tano na kuupa uyoga na jamaa zake himaya yao. Baadaye ikadhihirika kuwa kwa nasaba uko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Mwani, ambao kina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu 1989, nao wapangaji wameuhamisha huku na huku.

Kisha mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walitazama ndani kabisa, kwenye ribosomu, kiwanda kidogo cha kutengeneza protini kilichomo katika kila seli hai. Wakagundua kuwa vijidudu fulani vilivyohesabiwa kuwa bakteria ni ukoo wa mbali, ambao leo huitwa arkea. Mwaka 1990 Woese na wenzake wakaweka domeni tatu juu ya himaya zote: bakteria, arkea na yukariota. Katika hiyo ya tatu tumo sisi, uyoga, mwembe na tumbawe. Na wapo leo wasemao domeni ni mbili tu. Mtu atauliza, mbona hawatulii? Mimi naliona hilo kuwa sifa yao: mwenye kupanga ni mtu, na vinavyopangwa hakuviumba yeye.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, “Maalim, ikiwa tumbawe ni mnyama, mbona halichinjwi?” Darasa zima likacheka, lakini kijana aliuliza jambo. Alidhani ukishajua fungu la kitu umejua na hukumu yake yote. Samaki ni mnyama wala hachinjwi. Mpapai si mnyama, na ukiukata wa jirani utadaiwa. Basi anayepiga mtaimbo kwenye mwamba ulio hai akasema “jiwe tu hili”, hajatoa hoja. Ametaja ngeli, na ngeli yenyewe amekosea. Wala sisemi kila avunjaye tumbawe ametenda haramu, nami nalala ndani ya kuta zake. Nasema aulizwe. Ni lile la kale lililokwisha toka baharini, au lingali hai? Nani anavua hapo? Tumbawe la mviringo hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Atakayelingoja likue tena ni nani? Pale Chumbe, mkabala wa mji, mwamba wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na samaki wanaokulia humo hutoka wakavuliwa nje na watu ambao hawakuwahi kuuona.