Mgeni na Mwenye Nyumba

Nyumba ya kupanga ni kitu cha ajabu kidogo. Mtu huifunga kwa ufunguo wake, hupika, hulala na kuugua ndani yake, na watoto wake huiita kwetu. Walakini hawezi kupigilia msumari ukutani ila kwa ruhusa ya mwingine. Katika nchi yake mpangaji huvumilia hali hiyo bila ya kuifikiri sana. Akikosa chumba kwa huyu, anaye shangazi, anaye rafiki wa shule, anaye mtu wa kwao atakayempisha mkekani kwa siku mbili tatu. Mgeni katika nchi ya watu hana mkeka huo. Neno moja la mwenye nyumba laweza kumwacha barabarani na sanduku lake. Kwa hiyo nataka nikuulize, msomaji, swali lililo jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mwenye nyumba ana haki ya kumkataa mtu kwa sababu hakupenda alikotoka?

Chukua mfano wa Uingereza, ambako vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wamekwenda kusoma na kufanya kazi. Katika miaka ya 1950, watu wa visiwa vya Karibi, wa Bara Hindi na wa Afrika waliotafuta vyumba London waliona madirishani vikaratasi vilivyosema kuwa watu weusi hawatakiwi. Vikaratasi hivyo vilikuwa na uchungu, lakini vilikuwa na wema mmoja mdogo: vilimwokolea mtu nauli ya basi. Wengine walikataliwa kwa adabu. Mlango ulifunguliwa, tabasamu likatolewa, na chumba kilichokuwa kitupu saa tatu kikawa kimekwisha pata mtu saa tatu na robo. Wole Soyinka wa Nigeria, aliyesoma Leeds katika miaka hiyo, alitunga shairi mashuhuri juu ya Mwafrika apigaye simu kutafuta chumba. Anaona ni heri aseme mapema kuwa yeye ni Mwafrika. Naye mwanamke wa upande wa pili anamwuliza weusi wake ni wa kiasi gani. Watu hulicheka swali la yule mwanamke. Mimi hufikiri zaidi juu ya yule mwanamume. Kwa nini alijiona analo jambo la kukiri? Mwenye nyumba anastahili kuambiwa kweli juu ya mambo yaihusuyo nyumba: kama mpangaji ataweza kulipa kodi, watalala wangapi, atakaa muda gani. Ngozi haimo katika hesabu hiyo, wala kuinyamazia si uongo.

Wala usidhani kuwa kila aliyempokea mgeni alimtendea wema. Magharibi ya London alikuwapo Peter Rachman, aliyefariki mwaka 1962. Yeye hakuwafungia mlango watu wa Karibi. Aliwapangisha vyumba vibovu kwa kodi kubwa, akijua hawana pengine pa kwenda, hata jina lake likawa neno la Kiingereza la kumtaja mwenye nyumba dhalimu. Naye mwenyewe alikuwa mgeni, mtu aliyetoka Poland!

Sheria ya mwaka 1968 ilikataza kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya rangi au asili yake. Lakini iliacha upenyo mmoja: mwenye nyumba ndogo aishiye humo humo, akishirikiana na wapangaji wake jiko au bafu, aliruhusiwa kuchagua apendavyo. Zamani niliuona upenyo huo kuwa woga mtupu wa watunga sheria. Siku hizi siuhukumu upesi hivyo. Mjane aliyezeeka, mwenye chumba kimoja cha ziada, si tajiri mwenye mtaa mzima. Jiko lake ni sehemu ya maisha yake, na hakuna amri iwezayo kumfanya mtu afurahi kula chungu kimoja na asiyemtaka. Hata hivyo, amkatae mlevi kwa ulevi wake, amkatae mwenye kelele kwa kelele zake. Yule ambaye hajamjua anamkataa kwa kosa gani? Tena aliyetangaza chumba amekwisha kukitoa nyumbani na kukipeleka sokoni, na sokoni fedha ya mtu haina kabila.

Mambo hayakuishia hapo. Tangu mwaka 2016, nchini England, mwenye nyumba hulazimika kukagua hati za mpangaji ili ajue kama anaruhusiwa kuishi nchini, na asipofanya hivyo aweza kutozwa faini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliona kuwa amri hiyo imewafanya baadhi ya wenye nyumba kuwabagua watu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasema kuwa pamoja na hayo sheria ni halali. Fikiri hapo, msomaji. Mtu asiyemchukia mgeni hata kidogo aweza kumpita kwa kuogopa faini tu, na yule mgeni akalala nje vile vile.

Ni rahisi kwetu kuyasoma haya kwa hasira, maana yalitendeka mbali. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, hairuhusu mtu kumbagua mwenziwe kwa rangi wala kwa kabila. Lakini nilipokuwa mtoto, shangazi yangu alikuwa na vyumba sita vya kupangisha Nairobi, na kimoja kilikuwa kitupu. Jioni moja alikuja karani kijana, nguo zake safi, kodi ya mwezi mzima mkononi. Shangazi aliniita ndani akaniuliza jina lake. Nilipolitaja, akatikisa kichwa, maana jina lilimwambia alikotoka. Akanituma niseme kuwa chumba kimekwisha pata mtu. Nilirudi mlangoni nikasema. Yule kijana alinishukuru, akaniuliza, "Mdogo wangu, hukijui kingine hapa karibu?" Nikajibu kuwa sikijui. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwa kaptula yangu, nami niliukaza mkononi usije ukalia.