Kabla Hujaikata Honda Yangu

Mjukuu wangu, vuta kigoda ukae. Jana ulipoondoka sikupata usingizi. Sikuwa na hasira. Nilijua wazo lako umelitoa kwa mapenzi. Umeyaona magoti yangu. Umeiona Honda ilivyotaka kunilalia pale getini wiki iliyopita, ukasema: "Babu, tuikate nyuma, fundi wa Same aiwekee ekseli na magurudumu mawili, utashuka mwenyewe mpaka Kisiwani bila hofu ya kuanguka." Nimelipokea, nimeligeuza usiku kucha. Sasa nisikilize taratibu, maana siku hizi maneno yananichosha kuliko jembe.

Hiyo CG 125 Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970, na waliitengeneza wakiwafikiria watu kama sisi. Injini zao za awali, zile zenye kemu huko juu kichwani, zilikuwa zinakufa kwa vumbi na kwa wenyewe kusahau kubadilisha oili. Wakarudi kwenye mtindo wa zamani: kemu chini, fito mbili ndefu zikipanda kusukuma valvu. Haikimbii sana, lakini inasamehe. Wachina walipoanza kutengeneza maguta ya mizigo, yale ya magurudumu matatu, wengi wao waliinakili injini ya ukoo huohuo. Kwa hiyo hilo guta unaloliona limebeba magunia ya tangawizi ya Mamba Miamba, ukilifungua injini yake unakuta ndugu wa Honda yangu.

Ila undugu huo unaishia kwenye injini. Fremu si ndugu, na kukata unataka kukata fremu.

Pikipiki ya magurudumu mawili ikiingia konani inalala. Inapolala, uzito wako na wake unaendelea kushuka kwenye spoki kwa mstari uleule ambao spoki zilifumwa kuubeba. Ya magurudumu matatu hailali. Kona inaisukuma ubavuni, na msukumo huo unabebwa na spoki ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo, na shingo ya fremu ambayo nayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Halafu fundi wako ataunga ekseli moja nzima bila difu, kwa sababu difu ni ghali. Konani gurudumu la nje linatakiwa kwenda mbali kuliko la ndani. Bila difu moja lazima liburuzwe. Kwenye changarawe ya hapa kwetu Mbaga utaona linaburuzika kirahisi, ukadhani mambo ni mazuri. Ngoja ufike kwenye lami. Itang'ang'ania kwenda mbele wakati wewe umeshakata usukani.

Na kuna jambo dogo ambalo hakuna fundi aliyekwambia. Mtu aliyezoea pikipiki, ikiyumba anatoa mguu kujiegemeza. Kwenye magurudumu matatu mguu huo unakanyagwa na gurudumu la nyuma. Mimi nina miaka hamsini ya kutoa mguu. Unadhani nitaacha leo?

Sisemi magurudumu matatu ni haramu. Harley-Davidson walitengeneza ya kwao iliyoitwa Servi-Car tangu 1932 hadi 1973, polisi wa Marekani wakaitumia miaka na miaka, na leo wazee wa huko wenye magoti kama yangu wanasafiri nchi nzima juu ya pikipiki za namna hiyo. Lakini zile zimezaliwa hivyo kiwandani, zina difu, na breki zake zimepimwa kwa uzito wake. Ya kwetu itakuwa Honda ya kilo mia na kidogo, iliyobebeshwa chuma cha geti.

Breki, baba. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Miaka ile baada ya vita vya Kagera mafuta yalikuwa haba. Ilifika mahali magari binafsi yakazuiwa barabarani Jumapili alasiri. Mimi nilikuwa bwana shamba, nazunguka kwenye kahawa za watu, na lita moja ya petroli nilikuwa naitunza kama dawa. Tukajifunza tabia mbaya, sote: ukifika juu, unaweka nyutro, unazima injini, unateremka kwa uzito wako. Kimya kabisa, unasikia upepo tu na cheni. Tuliona ni akili.

Siku moja nilimbeba muuguzi, binti wa watu, tukishuka kuelekea Kisiwani. Katikati ya mteremko kanyagio la breki likawa laini chini ya mguu wangu. Nikabana ya mbele, nayo ikashika kidogo, ikaachia. Nikanusa harufu ya brekishuu zikiungua. Nikatafuta gia, lakini mwendo ulikuwa umeshazidi, na injini iliyozimwa kuiingiza gia mwendoni hivyo ilikuwa ni kufunga gurudumu na kutuangusha. Niliipeleka kwenye ukingo wa juu ili tusiende bondeni. Mimi nilichubuka. Yeye alivunjika mguu, na alitembea akichechemea mpaka alipohama wilaya. Hakunilaumu hata siku moja. Kosa lilikuwa langu, na bado ni langu.

Baadaye mwalimu mmoja wa fizikia alinifanyia hesabu ubaoni. Pikipiki, dereva, abiria na mizigo tuseme kilo 200. Wakishuka mita 600 huku breki ndizo zinazowashika, joto lote linaloingia kwenye ngoma za breki na kwenye upepo linatosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji. Guta lenye uzito wa kilo 700 pamoja na mzigo wake, ni lita kumi na mbili: zaidi ya nusu ya ndoo kubwa. Ngoma ya breki ya CG inaingia kwenye viganja vyako viwili. Joto hilo liende wapi? Ukishuka na gia ya pili injini ikiwa hai, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na injini, na injini imeumbwa kutoa joto. Ina mapezi yake na upepo wake. Gia uliyohitaji kupandia, shukia hiyohiyo. Na iingize ukiwa bado juu, kabla mteremko haujakuchukua.

Ndiyo maana ninawaonea huruma vijana wa kijiweni. Anainua shokapu ili abebe zaidi, anaongeza keria ya chuma, anarefusha nyuma, anapakia mishikaki watu watatu, halafu brekishuu ni zilezile za mwaka juzi. Kila alichokiongeza kinapanda vizuri. Same mjini pako kama mita 860 juu ya bahari, kilele cha Shengena ni 2,462, na katikati hapo kila mtu anapima pikipiki yake kwa kupanda.

Kuna badiliko moja tu ninalokuruhusu, na nakuruhusu kwa moyo mweupe. Spoketi ya mbele ina meno 15. Weka ya 14. Inaonekana si kitu, lakini nguvu ya kupanda inaongezeka kama asilimia saba, sawa na kuweka ya nyuma ya meno 45 badala ya 42, kwa gharama ndogo sana. Na injini itakushika zaidi unaposhuka. Utapoteza mwendo kidogo kwenye barabara kuu ya Moshi, na huko mabasi yatakupita hata hivyo. Upepo wao kwenye ile nyika kati ya Same na Mwanga uliogope kuliko mwendo wako.

Mengine ni utunzaji. Unakumbuka kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia? Maji yanaingia usiku, yanatua, tope linabaki chini, na lisipotolewa kwa msaragambo, kijiji kizima pamoja, mwaka wa tatu mnamwagilia robo shamba na kulalamikia mvua. Tangi la pikipiki ni hivyohivyo, hasa kwa petroli za kwenye chupa. Usisubiri izime mlimani. Fungua kikombe cha chini ya kabureta, mwaga uchafu. Oili haifiki hata lita moja kamili, kwa hiyo ikichafuka inachafuka yote; ibadilishe ikiwa ya moto. Valvu zipime asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ni 0.08 ya milimita. Ukisikia zinagonga kidogo usiogope. Uogope zikinyamaza kabisa, maana valvu isiyo na nafasi inaungua. Cheni iwe na mchezo wa kama sentimita mbili. Huku juu hewa ni nyepesi, plagi itakuwa nyeusi kuliko ya wenzako wa Hedaru. Usikimbilie kupunguza mafuta kwenye kabureta, maana ukishuka tambarare na joto lile utaichoma pistoni.

Kofia ngumu utavaa. Hilo sitalijadili.

Mimi sitaiendesha tena, mjukuu wangu. Nilijua hivyo pale getini, kabla hujasema lolote, na kulisema kumenichukua wiki nzima. Lakini sihitaji gurudumu la tatu. Nahitaji wewe ukae mbele, mimi nyuma nimeshika keria, unishushe Kisiwani siku ya gulio na unirudishe, polepole, gia ya pili. Ninataka nisikie injini ikilia njia yote. Ukiizima nitajua.

Kwa hiyo tutaanza leo, kabla jua halijafika kwenye ule mgomba. Ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango, spana zimo kwenye kopo la maziwa. Toa gurudumu la nyuma, ufungue ngoma. Utakuta vumbi jeusi humo ndani. Usilipulize kwa mdomo kama nilivyokuwa nafanya mimi. Brekishuu za zamani zilichanganywa na asbesto, na vumbi hilo likiingia kifuani halitoki. Lowesha kitambaa, ulifute. Nipe tochi, nitakumulikia.