Barabara Iliyoachwa Wazi



Mwezi uliopita sisi wanne kutoka hapa makazini tulipanda basi kwenda Mbale, kumzika mama mkwe wa mwenzetu aliyeoa huko. Pale Jinja tulivuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, na jirani yake liko bwawa la Owen Falls, la mwaka 1954, ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Tulipita tukisinzia. Wakati wa kurudi hatukusinzia tena, na sababu ndiyo hii tunayoandika.

Usiku wa matanga mama mmoja mzee, jirani wa marehemu, alisikia tunazungumza Kiswahili akasogea. Alisema zamani lugha hii ilimtia baridi, kwa sababu wakati wa Amin ilikuwa lugha ya askari, na mtu alipobishiwa hodi kwa Kiswahili alijua mambo yameharibika. Halafu mwaka 1979 wakaja Watanzania, nao wakisema Kiswahili, lakini wakisema “shikamoo mama” na “tafadhali”. Tulicheka kidogo. Kisha akasema: “Siku mbaya haikuwa ya hao kuja. Siku mbaya ilikuwa ya wale wengine kupita.”

Askari wa Amin waliokuwa wakikimbia walichukua baiskeli ya baba yake, magodoro na mbuzi wawili. Kaka yake, kijana wa miaka kumi na saba, walimtwika mzigo wakaondoka naye.

Wengi wetu tunajua habari za vita ile kwa juu juu tu. Oktoba 1978 Amin alivamia Kagera. Tanzania ikajibu, na Divisheni ya 20 chini ya David Msuguri ikavuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Jenerali huyo alifariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Masaka ilianguka Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, Jinja tarehe 22 Aprili, na bwawa likakutwa zima. Ikafuata Mbale, kisha kaskazini, hata tarehe 3 Juni wakawa mpakani mwa Sudan. Sehemu kubwa ya safari hiyo askari waliitembea kwa miguu. Ni mwendo wa kustaajabisha.

Lakini kabla ya Kampala kuingiwa, Mwalimu Nyerere aliagiza jambo moja. Mji usizungukwe pande zote. Barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iachwe wazi, ili askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin wapate njia ya kuondoka. Hakutaka kuwachinja wageni ndani ya mji wala kufungua ugomvi mwingine na Libya. Walibya wakapita. Amin naye akapita. Wakapita na askari wengi wenye bunduki, njaa na hasira. Na kando ya barabara hiyo walikuwako watu.

Je, ilikuwa haki kuwafungulia njia?

Wenzetu wawili ndani ya basi walisema hapana. Huruma ambayo gharama yake inalipwa na mtu asiyeulizwa, walisema, si huruma. Nyerere alisamehe kwa baiskeli ya mzee wa Mbale. Maneno hayo ni makali, nasi hatukuweza kuyafuta kwa urahisi.

Hata hivyo tuliobaki tulikumbuka kwetu. Mwaka 1996 na 1997 Kongo iliona vita ya mbio kama hiyo, kutoka Uvira mwezi wa kumi hadi Kinshasa tarehe 17 Mei. Askari wa Mobutu walipokimbia walipora kila mji waliopita, na baadhi yetu tulipoteza vitu vya nyumbani, wengine tukapoteza watu. Kwa hiyo tunamwelewa mama wa Mbale bila mkalimani. Lakini katika vita ile ile tuliona pia njia ilipofungwa. Wakimbizi wa Rwanda waliofuatwa msituni hadi Tingi-Tingi na kupita hapo walikuwa na wenye silaha kati yao, ni kweli. Walikuwa pia na akina mama, vikongwe na watoto wa kunyonya, na wengi sana waliuawa. Anayemfuata adui kwa mbio bila kumwachia mlango hana nafasi ya kutazama ni nani anayempiga.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, wakati nyumba ya Sauli na nyumba ya Daudi wanapigana, yupo Asaheli, mwepesi wa miguu kama paa. Alimkimbiza Abneri, akaonywa mara mbili aache, akakataa, akafa. Jioni ndugu yake Yoabu alipiga tarumbeta na watu wakaacha kuwafuatia ndugu zao. Tunapenda kumhubiri Asaheli kama mfano wa kiburi. Ni mara chache tunauliza vijiji vilivyokuwa njiani vililala vipi usiku ule.

Basi hukumu yetu ni hii. Barabara ilistahili kuachwa wazi. Lakini aliyefungua mlango alikuwa na deni kwa wakaao ukumbini, na deni hilo lilikuwa la haraka. Toka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Zilipita siku kumi na moja. Jeshi lilikuwa limechoka, tunakubali, na mji mkuu ulikuwa na kazi zake. Kwetu tunasema haraka haraka haina baraka, ila kwa watu wa Jinja na Mbale siku zile haraka ndiyo ingekuwa baraka, na kila siku ya kupumzika ilikuwa ya mtu mwingine kuporwa. Mbio za jenerali tunazisifu kwa miji aliyoteka. Zingepimwa pia kwa saa ambazo nyumba za kando zilibaki bila mlinzi.

Wala haikuishia hapo. Mwaka 1980 kisasi kiliwafikia watu wa West Nile, wengi wao wakulima tu, nao wakakimbilia Sudan na Zaire. Wazee wetu wa upande wa Aru wanakumbuka walivyowagawia mashamba.

Asubuhi tulipoaga, mama yule alitushika mikono mmoja mmoja. Alijua tumetoka Kongo na kwamba tumepita njia nyingi. Akatuuliza kama huko tulikopita tuliwahi kukutana na mzee Mgisu, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, ambaye angekuwa sasa amevuka miaka sitini. Tulimwambia hatujakutana naye, tukaandika jina la kaka yake kwenye karatasi.