Ushindi Ulio Wako

Wapo wasemao kwamba mwanariadha atumiaye dawa humwibia mshindani wake. Naona hujiibia mwenyewe kwanza. Jemima Sumgong wa Kenya alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 alipimwa, akakutwa na EPO, dawa iongezayo chembe nyekundu za damu, akafungiwa. Nishani ya Rio hakunyang'anywa. Huenda aliipata kwa jasho lake, lakini nani atamwamini tena?

John Stephen Akhwari wetu alimaliza wa mwisho Mexico mwaka 1968, goti likiwa limeumia. Hakupata nishani, ila kila hatua ilikuwa yake. Vijana wanaokimbia hapa Chang'ombe wafundishwe hilo kabla ya kufundishwa kushinda.