Mlango wa Aravaca: Uvamizi au Mwaliko?

Alasiri ya Ijumaa, tarehe 22 Februari 2019, mwanamume mmoja alifika kwenye ubalozi wa Korea Kaskazini mtaani Aravaca, pembezoni mwa Madrid, akaomba kuonana na mkuu wa ubalozi. Mlango ukafunguliwa. Muda si muda wenzake nao walikuwa ndani, kundi la watu wapatao kumi. Walikaa humo kwa saa tano hivi. Katikati ya saa hizo mwanamke mmoja aliruka kutoka ghorofa ya juu, akaumia. Jirani akamwona, msaada ukaitwa. Polisi walipofika getini, mtu aliyevaa beji yenye sura ya kiongozi wa Korea Kaskazini alitoka na kuwaambia kwamba mambo ni shwari. Hawakuingia. Usiku kundi likaondoka, wengi wao kwa magari ya ubalozi wenyewe, likiwa na kompyuta, diski na simu.

Hadi hapo, pande zote zinasimulia karibu kisa kimoja. Ugomvi unazuka pale mtu anapotaka kuipa siku hiyo jina.

Tarehe 26 Machi hakimu wa uchunguzi José de la Mata, wa mahakama ya kitaifa ya Hispania, aliondoa usiri wa faili. Kwa maelezo yake, genge lilivamia jengo likiwa na visu, vyuma na bastola za bandia, likawafunga na kuwapiga waliokuwemo. Siku hiyohiyo kundi linalojiita Joseon Huru, linalopinga utawala wa ukoo wa Kim, lilikiri kuhusika lakini likakana neno shambulio: walialikwa, walisema, na hawakumtishia mtu. Siku tano baadaye Pyongyang ikatoa tamko kwamba hilo lilikuwa shambulio kubwa la kigaidi. Basi saa tano za Aravaca zikawa na majina matatu: uvamizi, mwaliko na ugaidi. Wikipedia ya Kiingereza, ilipoandika makala yake, ilichagua jina la nne, nalo ni baridi kuliko yote: tukio.

Wapo wanaoliona neno hilo kuwa la woga. Ajali ya baiskeli ni tukio, na harusi ni tukio. Vipi watu wafungwe kamba ndani ya ofisi zao, mwanamke aruke kutoka juu, kisha kamusi elezo inayosomwa dunia nzima iseme tu kwamba kuna jambo lilitokea? Lalamiko hili lina uzito, na halijibiwi kwa kutaja kanuni za wahariri peke yake. Kanuni zipo na zinafahamika: makala isiegemee upande, kila dai liwe na chanzo kinachoweza kukaguliwa, mhariri asilete utafiti wake mwenyewe, na aliye hai asiandikwe kama mhalifu kabla mahakama haijamtia hatiani. Lakini kanuni ni uzio tu. Swali lililo nyuma yake ni la zamani kuliko intaneti: je, mtu ambaye hakuwepo ana haki ya kulipa jina tendo la mwenzake?

Mwanafalsafa Mwingereza Elizabeth Anscombe alilikaribia swali hili mwaka 1957 katika kitabu chake kuhusu nia. Alitoa mfano wa mtu anayesukuma mpini wa pampu. Anachezesha mkono. Anapandisha maji kwenye tangi la nyumba. Maji yale yametiwa sumu, kwa hiyo anawaua waliomo ndani. Mkono ni mmoja na mwendo ni mmoja, ila maelezo ya tendo ni mengi, na lipi kati ya hayo ndilo tendo lake la makusudi halijulikani kwa kuutazama mkono. Inabidi kujua alijua nini na alikusudia nini. Waislamu wa pwani hawahitaji kwenda hadi Oxford kwa Anscombe kulisikia hilo: hadithi ya kwanza kabisa katika mkusanyiko wa Bukhari ndiyo ile ya nia, na kila mtoto wa madrasa huipitia.

Sasa itazamwe Aravaca kwa jicho hilo. Christopher Ahn, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyekuwemo katika kundi lile, anasema mwanadiplomasia mmoja wa ubalozi alitaka kuihama nchi yake, akaomba mambo yapangwe yafanane na utekaji ili ndugu zake waliobaki nyumbani wasiadhibiwe. Ikiwa ni kweli, basi kamba, bastola za bandia na zogo vilikuwa sehemu ya makubaliano. Ikiwa si kweli, vilikuwa vyombo vya uhalifu. Jambo la kutisha ni kwamba visa vyote viwili vinaacha alama zilezile sakafuni. Utekaji wa kuigiza ukiigizwa vizuri, ushahidi wake ni ushahidi wa utekaji.

Tena kuna ugumu mwingine uliofichika zaidi. Anayeweza kuukata mzozo ni mwanadiplomasia mwenyewe, naye hayuko huru kusema. Kama aliwaita, kukiri ni kujitia kitanzini na kuwatia wa nyumbani kwake. Kama hakuwaita, atakana kwa maneno yaleyale ambayo angeyatumia mwongo mwenye hofu. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, waliweka wazi tangu zamani kwamba ungamo la aliyelazimishwa halijengi hukumu, na sababu yao inaonekana hapa waziwazi: neno lililotoka chini ya tishio halimthibitishi wala halimkanushi aliyelisema. Insha hii haimtaji jina. Mhariri aliyekaa mbali na hatari, akiandika bila kusita kwamba fulani aliwaalika, huenda anaandika hati ya mashtaka itakayosomwa Pyongyang.

Kwa hiyo katika kisa hiki neno tukio ni sahihi, na woga haumo. Kinachobishaniwa ni idhini, na idhini ndiyo inayotenganisha mgeni na mvamizi. Kuandika uvamizi kwenye kichwa cha makala ni kumwamini hakimu kabla kesi haijasikilizwa. Kuandika uokoaji ni kuwaamini washtakiwa. Kichwa cha makala hakina nafasi ya kusema kwamba mmoja anadai hivi na mwingine vile. Chenyewe kinazungumza kana kwamba ulimwengu mzima umekubaliana.

Mwili wa makala ndio wenye nafasi hiyo, na hapo kazi ya mhariri inashabihiana ajabu na kazi ya wakusanyaji wa hadithi za Mtume. Wao hawakuridhika na maneno; walitaka mlolongo wa wapokezi, nani alisikia kwa nani, na kila jina katika mlolongo likapimwa ukweli wake na kumbukumbu yake. Kupima huko kuliwatia katika shida ya kimaadili ambayo mhariri wa leo angeitambua mara moja: kusema kwamba mpokezi fulani ni mwongo, je, si kumsengenya? Imam Nawawi, ambaye Riyadh as-Salihin yake husomwa misikitini kuanzia Lamu hadi Kilwa, alilijibu. Aliorodhesha hali sita ambazo ndani yake kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa, na kuwakosoa wapokezi na mashahidi ni miongoni mwazo, kwa sababu manufaa yake ni ya umma. Lakini ruhusa ile ina mpaka: hutolewa kwa ajili ya haja, na haja ikiisha, ulimi unarudi kwenye miiko yake. Sura ya al-Hujurat inaziweka amri zote mbili karibu karibu, aya ya 6 ikitaka habari ihakikishwe isije ikawadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 11 ikikataza kuitana kwa majina mabaya. Mkristo atakumbuka amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Dini hizi hazikuona kuita jina kuwa jambo dogo la lugha. Zimeliweka katika daftari la dhambi.

Ndiyo maana haifai kulifanya neno tukio kuwa dawa ya kila jeraha. Makala ya Wikipedia kuhusu George Floyd, aliyefia chini ya goti la polisi Minneapolis mwezi Mei 2020, ilianza kwa jina la kifo, ikahamishiwa jina la kuuawa, na baada ya baraza la mahakama kumtia Derek Chauvin hatiani tarehe 20 Aprili 2021, ikaitwa mauaji kwa maana ya kisheria. Kila hatua ilibishaniwa, na kila hatua ilikuwa na kitu kipya mkononi. Kubaki kwenye neno kifo baada ya hukumu ile kungekuwa kuegemea upande, hata kama sauti ingebaki ya upole. Upole wa jina ni fadhila pale tu ukweli unapokuwa haujulikani. Ukishajulikana, upole huohuo humfunika aliyetenda.

Na jina linaweza kuwa la kweli, lisibishaniwe na mtu, na bado likawaacha watu nje. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam. Makala ya Kiingereza inayaita milipuko ya balozi za Marekani, na hakuna uongo humo. Balozi ndizo zilizolengwa. Lakini Nairobi walikufa watu 213 na Dar es Salaam 11, na Wamarekani kati yao wote walikuwa 12. Wengi waliokufa Nairobi walikuwa ndani ya jengo la Ufundi lililoporomoka pembeni mwa ubalozi, au barabarani wakipita. Bustani ya kumbukumbu iliyojengwa mahali hapo imepewa jina la tarehe, wala si la ubalozi. Aliyechagua tarehe alifanya jambo la haki, kwa sababu tarehe haimwulizi marehemu alikuwa akimfanyia kazi nani.

Turudi Madrid, ambako sheria yenyewe inayumba. Wengi hudhani ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine, sivyo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, kifungu cha 22, unasema tu kwamba majengo ya ubalozi hayaingiliki bila ridhaa ya mkuu wake, na unaitaka nchi mwenyeji iyalinde. Ridhaa tena! Ndiyo sababu polisi walibaki getini, na ndiyo sababu pia Hispania iliweza kufungua kesi: ardhi ni yake. Ahn alikamatwa Los Angeles mwezi Aprili 2019. Mwezi Mei 2022 hakimu Jean Rosenbluth aliamua kwamba sheria inamlazimu kuidhinisha akabidhiwe Hispania, kisha akaandika katika uamuzi huohuo kwamba haoni kuwa hayo ndiyo matokeo sahihi, na kwamba anatumaini mahakama ya juu itasema amekosea au itazuia. Hofu ilikuwa kwamba akiwa Ulaya maisha yake yangekuwa hatarini mbele ya mawakala wa Korea Kaskazini.

Hakimu hana budi kuamua. Mhariri wa kamusi elezo hana mzigo huo, na hapaswi kujitwisha. Ana zana ambazo hakimu hana: kichwa cha makala kinaweza kuhamishwa, jina la zamani likabaki kama kielekezi, na kila badiliko likahifadhiwa katika historia ya ukurasa pamoja na sababu zake. Mhariri anayetaka kukileta kisa cha Aravaca katika Kiswahili atavutwa na neno uvamizi, maana ndilo linalokuja haraka ulimini na ndilo magazeti yangelipenda. Aliache. Aandike tukio katika kichwa; halafu, katika aya ya kwanza, kabla ya siasa za Pyongyang na kabla ya mkutano wa Trump na Kim uliokuwa ufanyike Hanoi siku tano baadaye, aandike kwamba waliokuwa ndani waliwaambia polisi kuwa walifungwa na kupigwa, kwamba mwanamke aliumia alipokuwa akikimbia, na kwamba walioingia wanasema waliitwa. Sentensi hizo tatu zikae pamoja, kila moja na chanzo chake, mpaka mahakama itakaposikiliza kesi yenyewe.