Mtu Mdogo Msituni



Mwaka 1644 mchoraji Mholanzi, Allaert van Everdingen, alisafiri hadi Norwe na Sweden. Aliporudi kwao alichora misonobari, miamba na maporomoko ya maji. Tukitazama michoro ya namna hiyo, kwanza tunaona miti tu. Tukisogea karibu ndipo tunamwona mtu, mdogo kama punje, yuko njiani.

Sisi wageni wa Stockholm tunamfahamu mtu huyo. Wengi wetu tumengoja kibali cha kuishi kwa miezi mingi, tukajiona wadogo, kana kwamba hatuonekani. Lakini mchoraji hakumsahau. Bila yeye tusingejua miti ile ni mirefu kiasi gani. Katika Zaburi ya 8, Daudi anatazama mwezi na nyota, kisha anashangaa kwamba Mungu anamkumbuka mwanadamu.

Basi tusiishie kuutazama msitu. Yuko ndugu ambaye hatujamwona ibadani majuma kadhaa, wala hatukumjulia hali. Tutubu. Leo, kabla hatujapanda treni kurudi nyumbani, tumpigie simu. Mungu alishamwona, sisi ndio tumechelewa.

Mbarikiwe.